Mwalimu wa Kwaya ni Mwalimu wa Nini? Cheo, Sikio na Ujira katika Muziki wa Ugogo

Katika Kiswahili cha Tanzania neno mwalimu limebeba heshima kubwa kiasi kwamba taifa lilipotaka kumwita Rais wake wa kwanza kwa neno moja, halikutumia cheo cha urais bali hilo. Hata hivyo, neno hilohilo hutumika kila siku kwa watu wawili ambao hali zao za kazi hazifanani hata kidogo. Wa kwanza ni yule aliyehitimu chuo cha ualimu, mwenye barua ya ajira, kituo cha kazi, ngazi ya mshahara na matarajio ya kiinua mgongo. Wa pili ni mwalimu wa kwaya: mtu ambaye jioni mbili au tatu kila juma huwakusanya waimbaji kanisani au chini ya mti, akawafundisha sauti nne za wimbo ambao mara nyingi ameutunga mwenyewe, maneno na lahani, kisha akarudi nyumbani akaamkie shamba. Huyu wa pili hana barua wala ngazi. Ana cheo tu.

Makala haya yanashikilia kwamba cheo hicho, pamoja na heshima yake yote, kimekuwa pazia. Kwa kumwita mwalimu, jamii imejiona imekwisha kumlipa. Na kwa kumwita mwalimu wa kwaya, taasisi za elimu zimejiona hazina haja ya kuuliza anajua nini hasa. Swali hili la pili ndilo zito zaidi, maana ujira hutokana na ujuzi unaotambuliwa, na ujuzi usiopimwa hauwezi kutambuliwa. Mfano unaotumiwa hapa ni Ugogo, na hususan Mvumi, kwa sababu hakuna mahali pengine nchini ambapo pengo kati ya kile mwalimu wa kwaya anachokijua na kile kinachopimwa ni pana kama hapo.

Mvumi iko yapata kilomita 40 kusini-mashariki mwa mji wa Dodoma, katika Wilaya ya Chamwino. Ni mahali pa zamani katika kumbukumbu za maandishi: msafara wa Stanley ulipopita huko mwaka 1871 ukimtafuta Livingstone, ulilipa hongo kwa mtawala wa Mvumi kama misafara mingine yote iliyokatiza Ugogo. (Msomaji wa Kiswahili huenda akashawishika kulihusisha jina hili na kuvuma, na kwa mintarafu ya muziki ushawishi huo ni mkubwa, lakini jina ni la Kigogo na halina haja ya kufasiriwa kwa sarufi ya pwani.) Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wa CMS walifungua kituo hapo, nacho kikazaa shule na hospitali, na tangu 1927 eneo hilo limekuwa chini ya Dayosisi ya Central Tanganyika ya Kanisa Anglikana, ambayo askofu wake wa kwanza alikuwa George Chambers kutoka Australia. Kwaya, kwa hiyo, si jambo jipya Mvumi. Vizazi kadhaa vimezaliwa na kuzikwa kwa nyimbo zake.

Kile kilicholetwa pamoja na kwaya ni njia ya kuandika sauti: solfa. Mfumo huu ulianzishwa Uingereza na Sarah Glover wa Norwich, ukaenezwa na John Curwen katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya shule za Jumapili na watu wasio na uwezo wa kununua vinanda. Sifa yake kubwa ni wepesi. Mtu hahitaji mistari mitano wala alama za nota. Herufi za kawaida zinatosha, na mashine yoyote ya taipu inaweza kuzichapa. Hapana shaka kwamba wepesi huo ndio ulioifanya solfa ienee Afrika Mashariki upesi kuliko nota, na mpaka sasa mwalimu wa kwaya anayesoma solfa huhesabiwa kuwa amesoma, na asiyeisoma huhesabiwa kuwa anaimbisha tu.

Lakini kila mfumo wa maandishi huandika baadhi ya mambo na kuacha mengine. Wanaisimu wanalijua jambo hili vizuri: hati ya Kiarabu iliyoandika Kiswahili kwa karne kadhaa haikuwa na herufi za kutosha kwa sauti zote za Kibantu, na wasomaji walilazimika kujaza mapengo kwa sikio. Solfa nayo ilipofika Ugogo ilikuta sauti ambazo haikuwa na herufi zake.

Uti wa mgongo wa muziki wa Kigogo, kama Gerhard Kubik alivyoueleza kutokana na utafiti alioufanya Ugogo mapema katika miaka ya 1960, ni zile sauti ndogo zinazosikika juu ya sauti ya msingi uzi au mrija unapolia. Uzi mmoja ukipigwa hutoa, pamoja na sauti yake yenyewe, nyingine zenye mitetemo mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea. Waimbaji wa Kigogo wanatumia hasa ya nne mpaka ya tisa. Ya nne, ya tano, ya sita, ya nane na ya tisa zinakaribiana vya kutosha na do, mi, so, do na re za kanisani. Tatizo ni ya saba. Katika solfa jirani yake wa karibu ni ta, yaani ti iliyoshushwa. Lakini ya saba ya asili iko chini ya ta ya kinanda kwa senti zipatazo 31, ambapo nusu-sauti moja ya kinanda ni senti 100. Si tofauti ndogo. Sikio lisilozoea husema mwimbaji amepotoka. Sikio la Mgogo husema kinanda ndicho kilichopotoka. Na fa na la, ambazo tenzi nyingi za kizungu haziwezi kwenda bila hizo, katika mpangilio huu hazimo.

Namna ya kuunganisha sauti nayo ina mantiki yake. Kubik ameonyesha kwamba mwimbaji wa pili huipata sauti yake kwa kuruka hatua moja ya ngazi: aliye juu ya nne huitikiwa na sita, wa tano huitikiwa na saba, wa sita na nane, wa saba na tisa. Baadhi ya jozi hizo ni zile ambazo kitabu chochote cha muziki wa Ulaya huzikubali. Jozi ya tano na saba, hata hivyo, inakaribia sana ule umbali ambao vitabu vya nadharia vya Ulaya vilimtahadharisha mwanafunzi asiutumie ovyo, na mtahini wa muziki wa kanisa aliyefundishwa na vitabu hivyo ataupigia mstari mwekundu. Kwa hiyo kundi la wanawake wa kijijini linaloimba kwa usahihi kamili wa mfumo wake linaweza kushindwa mtihani kwa sababu ya usahihi huohuo. Hugh Tracey alipofika Tanganyika na vyombo vyake vya kurekodi mwaka 1950 alikuta zeze na ilimba zikiwa zimepangwa sauti kwa namna hii. Na mtunzi wa Kihispania Polo Vallejo, aliyekaa miaka mingi akichunguza muziki wa Wagogo, ametoa maandishi mengi juu ya mpangilio wa sauti zao na michezo ya kuimba ya watoto wao. Ulimwengu wa wataalamu, basi, umekwisha kukubali kwamba hapa pana mfumo kamili wa uimbaji wa sauti nyingi. Ambao haujakubali ni utaratibu wa kupima walimu.

Sasa mwalimu wa kwaya wa Mvumi anasimama wapi? Anasimama kati ya masikio mawili, na hiyo ndiyo kazi yake halisi. Waimbaji wanaomjia, hasa wenye umri mkubwa, wamelelewa katika sikio la zeze. Kitabu alichonacho mkononi kimeandikwa kwa sikio la kinanda. Kila anapofundisha wimbo anaamua, mara nyingi bila kusema, ni wapi atawaburuta waimbaji waifuate fa ya kitabuni na ni wapi ataiacha sauti iende inakotaka. Anapotunga mwenyewe uamuzi unakuwa mpana zaidi. Huo ni ujuzi wa hali ya juu, na mtu aliyesomea muziki katika chuo kizuri cha Ulaya hawezi kuufanya mpaka akae Ugogo miaka kadhaa. Haupo katika mtihani wowote.

Kuna tatizo jingine ambalo linawahusu moja kwa moja wasomi wa Kiswahili, nalo ni la mkazo. Tenzi zilizotafsiriwa zilifasiriwa ili zitoshee lahani zilizokwisha kuwapo. Lahani nyingi za Kiingereza huanza kwa pigo dhaifu likifuatwa na pigo la nguvu. Neno la Kiswahili lenye silabi mbili, kama Bwana, lina mkazo kwenye silabi ya kwanza. Likiwekwa mwanzoni mwa lahani ya namna hiyo, pigo la nguvu huangukia -na, na mwimbaji hujikuta akitamka neno ambalo hakuna Mswahili anayelitamka hivyo sokoni. Mwokozi na wokovu huponea chupuchupu kwa sababu silabi yao ya pili ndiyo yenye mkazo. Waumini wamezoea kasoro hizo, na mazoea yamezigeuza kuwa utakatifu. Katika Chigogo hali ni ngumu zaidi, kwani lugha hiyo, kama lugha nyingi za Kibantu na tofauti na Kiswahili, ina toni. Lahani isiyojali toni haibadilishi ladha ya neno tu, inaweza kuliharibia maana. Stephen Mbunga, padri wa Kikatoliki na mtunzi wa muziki, alilijadili suala la muziki wa Kibantu na sheria za Kanisa katika kitabu chake cha 1963, na waliomfuata waliandika misa na nyimbo zinazotii lugha. Lakini sehemu kubwa ya marekebisho haya haikufanywa na mapadri wala wachungaji waliosoma. Ilifanywa na walimu wa kwaya, ambao walipoanza kutunga nyimbo zao wenyewe waliweka mkazo mahali pake bila kujua kwamba wanafanya isimu.

Inafaa kulinganisha hali hii na ile ya mwana mwingine wa Ugogo, Mathias Mnyampala, aliyeandika historia na mila za Wagogo katika kitabu cha 1954 na ambaye jina lake limeshikamana na ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera ziliingia madarasani nchi nzima. Ziliingia kwa sababu zilikuwa za Kiswahili, zilikuwa zimeandikwa, na mwalimu yeyote wa shule angeweza kuzifundisha hata kama hakutoka Dodoma. Muziki wa Kigogo haukuwa na hata moja ya sifa hizo tatu. Si kosa la Mnyampala, wala si kosa la Kiswahili. Lakini wanaofundisha fasihi simulizi vyuoni wangefanya vema kukumbuka kwamba kile kilichotambuliwa kutoka Ugogo ni kile kilichokubali kuandikwa, na kwamba uchaguzi huo uliamua nani atakuwa na kazi na nani hatakuwa nayo.

Kutoka Ugogo alipatikana, hata hivyo, mtu mmoja ambaye kazi yake inaonyesha kwamba utaratibu mwingine uliwezekana. Hukwe Zawose alizaliwa mkoani Dodoma karibu na mwaka 1938. Alichunga mifugo utotoni na kujifunza muziki kwa baba yake. Mwalimu Nyerere alipousikia muziki wake alimwita Dar es Salaam, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Zawose akawa msanii wa kikundi cha taifa. Baadaye akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Alifundisha huko zeze, ilimba na uimbaji. Hakuwa na shahada. Serikali ilimlipa kwa sababu ya kile alichokijua, si kwa sababu ya karatasi iliyosema anakijua. Alipofariki Desemba 2003 alikuwa amesikika Ulaya, Japani na Marekani, na rekodi zake zilikuwa zimetolewa na kampuni za Uingereza.

Wapo wanaosema kwamba Zawose alikuwa kipaji cha pekee, na kwamba sera haitungwi kwa vipaji vya pekee. Hoja hiyo ina uzito nusu. Ni kweli kwamba sauti yake ilikuwa ya pekee. Lakini nafasi aliyopewa haikuwa ya sauti tu, ilikuwa ya ualimu. Na ualimu wa muziki wa Kigogo unajulikana na watu wengi katika kila kata ya Chamwino. Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 ya kuanzisha Jamhuri, alilalamikia jinsi elimu ya kikoloni ilivyowafundisha Waafrika nyimbo na dansi za wengine, akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni. Katika miongo iliyofuata vikundi vya taifa vilianzishwa, kwaya za shule, za jeshi na za mashirika zikaimba siasa ya Ujamaa redioni, na Baraza la Sanaa la Taifa likaundwa kwa sheria ya 1984. Yote hayo yalikuwa mema. Ila ngazi ya kazi kwa ajili ya yule mwalimu wa kijijini haikujengwa. Mwamba mmoja ulisimamishwa Bagamoyo, na nyumba haikumaliziwa.

Kuna upande wa wanawake, na hapa suala linakuwa gumu kwa namna ambayo wapenzi wa utamaduni hawapendi kuizungumzia. Wagogo ni miongoni mwa jamii chache za Afrika Mashariki ambamo ngoma zenyewe, si kuimba na kucheza tu, zilikuwa mikononi mwa wanawake. Muheme ni ngoma yao. Mpigaji hodari wa muheme alikuwa kiongozi wa kundi, mwalimu wa wasichana, na mtu wa kuitwa kutoka kijiji hadi kijiji. Lakini muheme ilifungamana na unyago, na unyago ulifungamana na ukeketaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliufanya ukeketaji wa wasichana walio chini ya umri wa miaka 18 kuwa kosa la jinai, na ilifanya vema. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Dodoma asilimia 47 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, kiwango kilichozidiwa na Manyara pekee. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetaka desturi hiyo irudi ili ngoma irudi. Swali linalobaki ni la yule mwanamke aliyekuwa bingwa wa muheme. Sheria iliondoa kile kilichopaswa kuondolewa; pamoja nacho ilikwenda hafla iliyompa kazi, wanafunzi na zawadi, na hakuna aliyefikiri kumpa hafla nyingine. Uchunguzi wa Kedmon Mapana uliochapishwa 2007 unaonyesha jinsi muheme ilivyobadilika ilipotoka kwenye jando na unyago na kuingia katika burudani: wanaume nao wameanza kupiga ngoma hizo. Kwa maneno mengine, mara tu ngoma ilipoanza kuonekana jukwaani, mkono ulioishika ulianza kubadilika.

Mabadiliko si lazima yaende upande huo tu. Katika ukoo wa Zawose wenyewe wanawake walikuwa kwa miaka mingi waitikiaji nyuma ya wanaume. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose walitoa albamu yao, Maisha, kwa jina la The Zawose Queens, wakiimba na kupiga wenyewe ala ambazo zamani zilikuwa za kaka na baba zao. Njia ilifunguka. Ilifunguka, lakini, kwa njia ya kampuni ya Uingereza na majukwaa ya Ulaya. Mpigaji wa muheme wa Mvumi asiye na jina la ukoo linalojulikana ng'ambo hana mlango huo.

Sababu moja ya kudhoofika kwa mafunzo haya haitajwi mara nyingi, nayo inahusu ardhi. Mvumi ilikuwa mojawapo ya maeneo yaliyoliwa vibaya na mmomonyoko, na katikati ya miaka ya 1980 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, uliwaondoa mifugo wote katika tarafa hiyo ili majani yaote tena. Watu wa mazingira wana kila sababu ya kuuona uamuzi huo kuwa muhimu. Yamkini, hata hivyo, ulikuwa pia uamuzi wa elimu ya muziki, ingawa hakuna aliyeufikiria hivyo. Uchungaji ndio uliokuwa darasa la mvulana wa Kigogo: saa nyingi za upweke porini, sauti ya kuita na kuitikia kutoka mlima hadi mlima, zeze ndogo ya kibuyu mkononi. Mvulana asiyechunga huenda shule, na ni vizuri aende. Lakini shuleni hakuna mtu wa kumfundisha kile alichokuwa akijifunza kwa ng'ombe. Mapana, katika makala yake ya 2011 juu ya watoto wa Kigogo, anaeleza kukatika kwa mwendelezo wa malezi ya kimuziki kati ya nyumbani na shule. Katika mtaala wa shule za msingi wa miaka ya 2000 muziki uliingizwa ndani ya somo jingine. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa 2024 umeipa sanaa nafasi iliyo wazi zaidi. Nafasi bila mwalimu, hata hivyo, ni kurasa tu.

Na mwalimu yupo. Anaishi mita chache kutoka geti la shule. Shule ya Mvumi inayotafuta mtu wa kufundisha muziki itamkuta ama hana cheti na hivyo hawezi kuajiriwa, ama atakubaliwa kuja bure kabla ya mahafali ili aandae wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi. Watu wengi wanaofanya kazi katika elimu wamewahi kuliona jambo hili, na wachache wameona ubaya wake. Mgeni rasmi hupewa soda na zawadi. Mwalimu wa kwaya hupewa makofi.

Upo upinzani wa kidini ambao haufai kudharauliwa. Unasema kwamba kwaya ni huduma, na huduma hailipwi. Kwamba mwalimu wa kwaya akishaanza kulipwa, waimbaji nao watadai, na kwaya itageuka bendi. Gregory Barz, katika kitabu chake cha 2003 juu ya kwaya za Tanzania, ameonyesha kwamba kwaya ni jumuiya yenye mwenyekiti, katibu na mhazini, inayozika wafu wake na kuwasaidia wagonjwa wake, na kwamba uimbaji ni sehemu tu ya maisha hayo. Fedha zikiingia vibaya zinaweza kuivunja jumuiya hiyo kweli. Lakini hoja ya huduma inathibitisha kupita kiasi. Mchungaji naye yumo katika huduma, na ana posho na nyumba. Daktari wa hospitali ya misheni yumo katika huduma, na ana mshahara. Ikiwa huduma na ujira haviwezi kukaa pamoja, basi havikai pamoja kwa wote. Na ikiwa vinakaa pamoja kwa wengine, inabidi kuelezwa kwa nini mwenye elimu ya masikio ndiye peke yake anayetakiwa kuishi kwa baraka.

Upinzani wa pili ni wa kitaaluma, nao unatoka vyuoni: kwamba kumwajiri asiye na cheti ni kushusha kiwango. Wanaosema hivi husahau historia ya nyumbani, kwani chuo cha Bagamoyo kilijengwa na mabingwa wasio na vyeti. Aidha, wangeweza kuangalia jirani. Kenya ina tamasha la muziki lililoanzishwa 1927, ambalo kwa miongo mingi limeipa kazi ya kuongoza kwaya umbo la taaluma: kuna waamuzi, kuna maoni yanayotolewa hadharani, kuna walimu wanaojulikana nchi nzima kwa kwaya zao. Tume iliyoongozwa na Washington Omondi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilifuatiwa na chombo cha kudumu cha muziki mwaka 1988, na Boniface Mganga aliweza kutoka katika ulimwengu huo wa kwaya akaongoza Muungano hadi katika studio za kampuni ya Philips. Utaratibu wa Kenya una kasoro zake. Mashindano yamewafanya baadhi ya walimu watunge kwa ajili ya waamuzi, na nyimbo za asili zimevalishwa sare. Lakini kijana wa Kenya akisema anataka kuwa mwongozaji wa kwaya, wazazi wake wanaelewa anasema nini.

Hata neno mwongozaji lenyewe halijatulia. Wengine husema kiongozi wa kwaya, lakini huyo anaweza kuwa mwenyekiti. Wengine husema kondakta, na abiria wote wa Dodoma wanamjua kondakta mwingine. Manju, linalotumika sana bara kwa kinara wa ngoma, lina harufu ya ngoma na makanisa mengi hayalitaki. Sogora ni la pwani na ni la mpiga ngoma. Kwa hiyo Kiswahili, lugha yenye malenga, mghani, manju na sogora, kikifika mlangoni mwa kanisa hurudi kwa mwalimu. Suala hili linastahili kufikiriwa na wanaoshughulika na istilahi, maana waraka wa ajira hauwezi kuandikwa kwa ajili ya mtu asiye na jina la kazi.

Kinachohitajika kwanza si fedha nyingi. Ni namna ya kupima. Vyuo vinavyofundisha muziki nchini, kuanzia Dar es Salaam, ambako somo hilo limekuwapo tangu miaka ya 1970, hadi Makumira, vina wataalamu wa kutosha kuandaa mtihani wa masikio kwa walimu wa kwaya wasio na elimu ya sekondari. Mtahiniwa apewe waimbaji wanane asiowajua na saa mbili. Aulizwe kuwafundisha wimbo wa kitabuni, kisha wimbo wa nindo au muheme, kisha aeleze kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili au Chigogo, kwa nini sauti ya tatu ilikwenda pale na si pale. Atunge ubeti mmoja na aonyeshe mkazo wa kila neno umeangukia wapi. Atakayefaulu apewe cheti kinachomruhusu kufundisha muziki katika shule ya msingi kwa malipo ya vipindi, kama wanavyolipwa walimu wengine wa muda. Asiyejua solfa asinyimwe cheti kwa sababu hiyo. Afundishwe solfa baadaye, kwani hujifunzwa kwa majuma machache na mtu ambaye tayari anasikia.

Ni lazima mmoja wa watahini awe mwanamke wa muheme, alipwe posho sawa na mwenzake wa chuo kikuu, na wakitofautiana juu ya ile sauti ya saba, kinanda kisiitwe kuamua.